Uji wa Alhamisi

Kwa miaka ishirini na mitatu, pombe ya ndizi iliyonywewa kila Jumamosi alasiri uani kwa Mzee Stanislaus ilipikwa na mtu mmoja, Generosa, ambaye watu wa kitongoji cha Nyarubira humwita Mama Longinus kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alianza kazi hiyo akiwa mke wa mtu, akaendelea nayo akiwa mjane, na watoto wake wanne walisomeshwa na ndizi hizo. Ni mwanamke mrefu, si msemaji, na hutembea shingo imenyooka kama aliyejitwika kitu, hata siku asiyobeba chochote.

Wanaume hawakwenda pale kunywa tu. Walikaa kwa duara, chungu katikati, kila mmoja na mrija wake, na hapo ndipo mambo ya kitongoji yalipokatwa: nani aingie kamati ya shule, njia ipite shamba la nani, nani achukue fomu ya uenyekiti na nani ashauriwe apumzike. Mkutano wa hadhara ulipoitishwa, mikono ilinyooshwa juu ya jambo lililokwisha kuiva. Generosa aliweka chungu, akasubiri nyuma ya jiko hadi kiishe, akakibeba na kuondoka. Alisikia yote na hakurudia hata moja nje. Mpika pombe mwenye mdomo hapewi kazi mara ya pili.

Kilichomchokoza ni bomba. Mradi wa maji ulileta bomba moja kwa kitongoji kizima, na wanaume wakakubaliana lisimikwe upande wa juu, hatua chache kutoka kwa Venanti, mwenyekiti wa kitongoji kwa vipindi vitatu. Wanawake wa upande wa chini wakabaki na mteremko wao wa mtoni. Mkutanoni Generosa alisimama, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akauliza kwa nini. Venanti akamjibu kwamba suala hilo limekwisha kujadiliwa. Generosa aliketi. Alijua limejadiliwa wapi; chungu chenyewe alikiosha yeye.

Jumamosi iliyofuata, baada ya kutua pombe, hakwenda nyuma ya jiko. Alimwomba Mzee Stanislaus kiti na mrija.

"Mama Longinus," mzee akasema, "pombe yako tunaiheshimu, na wewe mwenyewe tunakuheshimu. Lakini hapa ni mahali pa wanaume. Nilipakuta hivyo kwa baba yangu."

Alisema kwa upole, wala hakuna aliyecheka. Upole ule ulimkera Generosa kuliko ambavyo angekerwa na karipio.

Mwezi uliofuata, Ghati, afisa maendeleo ya jamii wa kata, binti wa Tarime aliyehamishiwa huku miaka miwili nyuma, alimwandikisha katika semina ya siku moja Kasulu mjini. Waligawiwa madaftari na maji ya chupa, mkufunzi akazungumza sana juu ya kujiamini, picha zikapigwa. Generosa hakukumbuka mengi ya semina ile. Anachokumbuka ni chakula cha mchana, alipoketi karibu na muuza unga mmoja wa Kibondo aitwaye Mama Ndayisenga. Walisalimiana kwa Kiha, wakaulizana mashamba, kisha yule mama akamuuliza wanawake wa kwao hukutana wapi kabla ya mkutano wa kijiji.

"Hatukutani," Generosa akasema.

"Sasa mkutanoni mnakwenda kufanya nini?"

Mama Ndayisenga akamweleza kwamba wao huko Kibondo hunywa uji wa mtama pamoja kila siku ya gulio, na kikombe cha mwisho kikiisha, neno lao huwa limekwisha kuwa moja.

Gulio la Nyarubira ni Alhamisi. Generosa akatafuta sufuria kubwa, akaweka mabenchi mawili chini ya kibanda alichokuwa akianikia mtama. Alhamisi ya kwanza walikuja wanawake sita, wanne kati yao ili kupumzisha miguu tu. Walizungumza bei ya maharage wakaondoka. Alhamisi ya tatu mmoja akaleta habari ya mbolea ya ruzuku iliyokuwa ikiishia kwa watu wale wale, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kuondoka. Hadi msimu wa kuvuna maharage walikuwa wamefika arobaini, kila mmoja na kikombe chake na konzi yake ya unga. Wanaume waliita mambo hayo umbea wa uji, wakaendelea na Jumamosi yao, na Generosa akaendelea kuwapikia.

Ukaja mwaka wa uchaguzi wa serikali za mitaa. Wanawake wakasema safari hii na wao watamtoa mtu wa kugombea uenyekiti wa kitongoji. Generosa hakumwambia mtu, lakini tangu Jumatatu alikuwa akipanga moyoni maneno ya kukubali. Mabenchi ni yake, sufuria ni yake, wazo kalileta yeye. Ilipofika Alhamisi, jina lake likatajwa, na mama mmoja wa makamo, Anastazia, akaomba kusema.

"Dada, nakuheshimu," Anastazia alisema, akimtazama usoni. "Lakini kila Jumamosi mume wangu anarudi nyumbani kalewa, akitokea kwenye chungu chako. Siwezi kukunyooshea mkono."

Wengine wawili watatu wakaangalia chini, na kuangalia chini kule kulitosha. Wakamchagua Skolastika, fundi cherehani wa miaka thelathini na minne, aliyefika kidato cha nne na asiyeogopa kuzungumza mbele za watu. Generosa akamnyooshea mkono kama wenzake. Walipotawanyika aliosha sufuria, akaikausha, akaiosha tena.

Jumamosi tatu baadaye alikuwa nyuma ya jiko la Mzee Stanislaus aliposikia jina la Skolastika. Venanti alikuwa akizungumza polepole, kama mtu anayepima unga. Alisema mama yake yule binti si alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili? Basi iwekwe pingamizi kwamba mgombea si raia. Majibu yatakapopatikana, siku zitakuwa zimekwisha kupita. Wengine walikubali. Mzee Stanislaus akavuta mrija wake, kisha akasema, "Andikeni."

Generosa alimjua marehemu baba yake Skolastika, Muha wa pale pale Nyarubira, kaburi lake lipo. Mama yake alimjua zaidi. Siku ya kumzaa Skolastika ni yeye aliyemshika mgongo na kumpokea mtoto. Alijua pia kwamba akisema, kazi ya miaka ishirini na mitatu imekwisha. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo alikuja kumwambia Ghati peke yake baada ya muda mrefu: alifikiri kwamba Skolastika akienguliwa, huenda wanawake wakamtazama yeye upya. Fikra hiyo alilala nayo, akaamka nayo, akaenda nayo kanisani Jumapili, na ilikuwa bado ipo alipotoka.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwanza kwa Mzee Stanislaus. Alimkuta akipalilia migomba, akamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mzee."

"Mwakeye, Mama Longinus. Leo si Jumamosi."

"Nimekuja kukuambia kwamba niliyasikia ya juzi, na kwamba nitayasema. Sikutaka uyapate kwa watu."

Mzee aliegemea mpini wa jembe. "Kilichosemwa chunguni hubaki chunguni. Unalijua hilo kuliko sisi."

"Nalijua. Ila mtoto yule nilimpokea kwa mikono yangu, nanyi mnasema si wa hapa."

"Basi hutatupikia tena."

"Najua, mzee."

Akashuka hadi kwa Skolastika na kumweleza. Binti akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akainuka kutafuta kitambulisho chake cha taifa. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Ghati akawaambia kwamba yeye ni mtumishi wa serikali, hawezi kuingia katika shauri la wagombea, lakini aliwatajia vielelezo vinavyokubalika na saa ambayo msimamizi msaidizi wa uchaguzi hufunga ofisi. Anastazia akapanda pikipiki hadi parokiani kufuata cheti cha ubatizo cha Skolastika na cheti cha ndoa ya wazazi wake. Jumatano, pingamizi lilipofikishwa, majibu yalikuwa yamekwisha kutangulia mezani. Generosa aliitwa kama shahidi. Aliulizwa anamfahamu mgombea tangu lini, akasema tangu kabla hajalia mara ya kwanza. Pingamizi likatupwa.

Skolastika alimshinda Venanti kwa kura mia mbili na kumi na moja dhidi ya mia moja themanini na nane. Venanti alimpa mkono mbele ya watu, na baadaye mwaka huo akauza ng'ombe wawili na kuhamia kwa mwanawe Kibondo.

Wanaume walipata mpikaji mwingine. Jumamosi zao ziliendelea, ingawa watatu au wanne waliacha kwenda. Mzee Stanislaus humsalimu Generosa kanisani, wala haongezi neno. Generosa sasa huuza ndizi mbichi kwa magari yanayokwenda Kasulu. Anasema faida si mbaya, lakini alasiri ya Jumamosi ni ndefu na hajazoea kukaa bila kusikia kitu.

Mwaka uliofuata, mwanamke mmoja kutoka mjini, aliyekuwa akitafuta udiwani wa viti maalumu, alituma sukari ya uji: mfuko mzima, na vitenge thelathini juu yake. Skolastika akashauri wapokee. Mgombea ni mwanamke mwenzao, na sukari si dhambi. Wengi waliitikia kwa vichwa. Generosa, ambaye huzungumza kwa nadra kwenye uji wake mwenyewe, akasema:

"Mimi nimekaa nyuma ya chungu miaka ishirini na mitatu. Anayelipia chungu ndiye anayesikilizwa. Sijaona siku ilipokuwa vinginevyo."

Walibishana hadi uji ukaganda vikombeni, kisha wakapiga kura kwa punje za mahindi na maharage. Ishirini na wawili walitaka virudishwe, kumi na saba walitaka vipokelewe. Skolastika hakuficha kwamba alikuwa kati ya hao kumi na saba. Anastazia na Generosa wakaufunga mfuko pamoja na vitenge kwenye pikipiki vikarudishwa mjini.

Alhamisi iliyofuata walikuja wanawake thelathini na mmoja. Wale wengine walisikika wakinywa chai yenye sukari kwa jirani. Skolastika alichelewa, na baadhi walidhani naye kaenda huko, lakini alikuja, akachota uji wake usio na sukari, akaketi mwisho wa benchi na kuuliza kama kuna mwenye habari za daraja la kwenda zahanati, kwa sababu mvua ziko karibu.