Lina Kiu au Limelewa?

Mume wangu watu wanamwita Pua. Ni fundi wa magari ya zamani, yale yenye kabureta, na jina hilo alilipata kwa sababu hunusa kabla ya kushika spana. Magari hayo yana tabia ya kuudhi jua linapokuwa kali. Asubuhi yanakwenda vizuri, mchana ukiyazima dukani kwa dakika kumi, hayawaki tena. Mafundi wengi hukimbilia kufungua plagi. Yeye huuliza swali moja tu: lina kiu au limelewa?

Kiu ni pale joto linapogeuza petroli kuwa mvuke ndani ya bomba, pampu ikabaki kuvuta hewa. Kulewa ni pale petroli inapochemka ndani ya kabureta ikafurika kwenye injini. Kwa dereva yote ni mamoja, gari limegoma. Dawa zake ndizo zinazopingana. Lenye kiu unalifunga kitambaa kibichi kwenye pampu na kulimiminia petroli kidogo kooni mwa kabureta. Lililolewa ukilimiminia, umeita moto. Kinachoyatenganisha ni harufu: lililolewa linanuka petroli.

Mimi nashona vitambaa vya viti katika chumba cha pembeni cha gereji hiyohiyo, na cherehani yangu inatazama uwanja. Shule niliishia darasa la nne, lakini macho ninayo. Kwa miaka kumi na tisa nimemwona akiinamia injini, akifumba macho, kisha akisema neno moja. Sikuwahi kuona amekosea.

Miezi miwili kabla ya siku nitakayoieleza, alishikwa na mafua mabaya. Mafua yakapona, pua haikurudi. Hakuniambia. Nilishtuka alipokunywa maziwa yaliyochacha, kikombe kizima, bila kukunja uso. Jumapili moja mchana alipojilaza, nikaweka kitambaa chenye mafuta ya taa kando ya mto wake. Alilala fofofo. Nikakiondoa, nikaenda jikoni kulia, watoto wasinione.

Kila siku nilipanga kumwambia, na kila siku neno lilinikwama. Niliona nikilitamka tu, ndiyo kazi imekwisha. Yeye akawa anakisia, na akapatia mara tatu, mara nne. Mimi kila boneti likifunguliwa, nainua kichwa kwenye cherehani.

Ndipo gari la mkunga likagoma nje ya gereji. Mkunga huyo ni bibi mstaafu, mcheshi, aliyenizalisha watoto wangu wote watatu. Alikuwa amesimama kununua mboga. Watu wakalisukuma gari mpaka ndani, jua la saa saba, mabati yanalia juu yetu.

"Mwanangu, hili limenisusa kama mume," alisema, amekaa palepale kwenye usukani. "Liulize linataka nini."

Pua akainama, akafumba macho. Akakawia kuliko kawaida.

"Lina kiu," akasema.

Mguu wangu ukaacha kukanyaga cherehani. Harufu ya petroli ilikuwa imeshanifikia, nzito, ya kuwasha koo. Nikajiambia labda ni matambara ya kufutia petroli. Pua akafungua kifuniko cha hewa, akachukua chupa ya petroli.

"Mama, nikikwambia piga, unapiga stata."

"Nipige mara ngapi? Mimi nimezoea kupiga watoto matakoni mpaka walie."

Alipoinamisha chupa, nilijikuta nimesimama. "Baba watoto, acha! Husikii harufu?"

"Nasikia. Mimi si kiziwi. Rudi kwenye nyuzi zako."

"Limelewa! Petroli inachuruzika!"

Mkunga akatoa mkono kwenye ufunguo. "Kumbe ni gari? Mimi naisikia tangu uliposimama hapo, nikadhani fundi umejimwagia."

Fundi wa breki aliyekuwa jirani akaacha kugonga. Pua akachungulia chini ya kabureta. Petroli ilikuwa imelowesha vyuma vyenye moto, vinafuka mvuke. Akaiweka chupa chini polepole, kama anaweka yai.

Tulisubiri injini ipoe. Kisha mkunga akakanyaga mafuta mpaka mwisho bila kuachia, akapiga stata. Gari likakohoa moshi mweusi, likawaka. Hakuna aliyeshangilia.

Mkunga alishuka, akamshika Pua begani. "Tangu lini, mwanangu?"

"Lini nini?"

"Nimekaa na wagonjwa miaka arobaini. Usinifiche."

Pua akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Pole sana," mkunga akasema. "Lakini gari nitalipeleka kwingine. Usinielewe vibaya, wajukuu zangu wanapanda humu."

Najua mkunga hakumsema popote. Ila fundi wa breki alikuwepo, na mdomo wake hauna kufuli. Wiki haikuisha, wenye kabureta wakaanza kutupita wakitazama mbele. Sasa mume wangu anaziba pancha. Anazamisha mpira kwenye beseni la maji, anatafuta mapovu, na hapo pua haihitajiki.

Nyumbani ananawa, anakula, anatazama ukuta. Juzi ndipo alipofungua kinywa.

"Ungeninong'oneza," alisema.

"Chupa ilikuwa imeshainama, baba."

"Sisemi siku ile. Nasema tangu ulipojua."

Alikuwa ameacha nusu ya chakula. Nikafunika sahani, nikabaki nimeishika.