Wimbo Uliogoma Kuisha

Mama yangu ni fundi wa lifti. Kazi hiyo ameifanya tangu mimi sijaota meno, na kwa muda mrefu alikuwa mwanamke peke yake katika kampuni yao, hata wenzake wakamwita Mama Lifti na jina likamganda. Watu wakikwama kati ya ghorofa na ghorofa, sauti waliyoisikia kutoka juu ilikuwa yake, ikiwaambia watulie, kwa maana hakuna aliyewahi kuzeekea humo ndani.

Siku aliyoumia hakuwa hata ndani ya lifti. Alikuwa anashuka ngazi ya chuma kwenda shimoni, chini kabisa, mguu ukateleza kwenye grisi, akadaka ukingo kwa mkono wa kulia. Mkono ulishika. Bega ndilo lililoachia. Wakampasua, wakamfunga bandeji, wakamrudisha nyumbani na amri ya kutonyanyua hata sufuria mpaka wao waseme.

Mama hajui kukaa. Kwanza alipanga upya kabati zote za jikoni kwa mkono mmoja, kisha akaanza kumwelekeza jirani jinsi ya kuegesha gari lake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshahamia mji mwingine kikazi, nikaona nimtumie kompyuta yangu ya zamani angalau aangalie filamu. Humo ndani kulikuwa na programu ya kutengenezea muziki ambayo niliiweka enzi za chuo na kuichoka kabla sijaijua. Mama aliiona hiyo kabla ya filamu.

Niseme ukweli, sikushangaa sana. Mama hakuwahi kugusa kinanda wala kuimba popote zaidi ya bafuni, lakini ujanani alikuwa mtu wa disko. Alipenda muziki wa mashine, ule wenye besi inayogonga kifuani na mdundo usiojua kuchoka. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akisema alimuoa ili apate kumpumzisha.

"Mwanangu," aliniambia kwenye simu, sauti imechangamka kama ya mtu aliyeokota kitu, "humu ndani kuna bendi nzima, na hakuna wa kumbembeleza aje mazoezini."

Siku ya tatu akanitumia kipande. Ngoma, makofi, besi, na kinanda fulani chembamba kikipita juu yake. Kilikuwa kitamu, nami nilikiri. Nikasubiri kiendelee. Hakikuendelea. Kilifika mwisho wake mfupi kikaanza tena, kikafika, kikaanza tena.

"Kinaenda wapi sasa?" nikamuuliza.

"Nakitafutia njia."

Alikitafutia njia mpaka akakichukia. Aliongeza filimbi, akaongeza ngoma ya pili, akaongeza sauti ya upepo, mwisho kikawa kama soko siku ya mvua, kila mtu anapiga kelele na hakuna anayeuza. Akakifuta, akaanza kingine. Nacho kilianza vizuri, nacho kikakwama pale pale. Akaingia kwenye video za vijana wanaofundisha mambo hayo. Mmoja anasema anza na ngoma, mwingine anasema ukianza na ngoma umepotea. Akapakua sauti za kila aina, kengele, vinubi, sauti za roboti, akawa anashinda mchana kutwa akichagua kishindo kimoja cha ngoma kati ya vishindo ambavyo mimi kwenye simu nilivisikia kuwa kishindo kile kile. Halafu anasikiliza nyimbo za wanaojua, anarudi kwenye cha kwake, anafunga kompyuta kwa nguvu.

Hapo ndipo mjomba alipoingilia. Mjomba ni mdogo wake mama, mwalimu wa kwaya, mtu wa noti na fimbo ya kuongozea. Nilikuwa nimekuja likizo, tumekaa sebuleni tunakunywa chai, mama akamchezea kipande chake kipya. Mjomba alisikiliza kwa adabu, kikombe mkononi. Kiliporudia mara ya nne akakiweka kikombe mezani.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema. "Wewe muziki huna. Una hamu tu."

Nilimwangalia mama. Aliukaza mdomo kama anavyofanya akiwa na skrubu katikati ya meno.

"Basi nitatumia hiyo hiyo hamu, mdogo wangu," akasema. "Ongeza chai."

Mjomba alipoondoka, mama alienda kujifungia chumbani, na sikusikia muziki ukitoka huko. Nilipopeleka chakula nilimkuta ameketi mbele ya skrini, mkono mgonjwa umelala kwenye mto kama mtoto. Akaniambia, bila kugeuka, kwamba kuna vipande vingi humo kuliko anavyotaka kuvihesabu, na hakuna hata kimoja chenye mwisho. "Lifti ikigoma, kuna mahali pamekatika. Napatafuta, napapata. Hapa hakuna palipokatika. Kila kitu kinafanya kazi, na bado haiendi."

Kesho yake nilimsindikiza hospitali kwenye mazoezi ya viungo. Wanafanyia kwenye ukumbi mmoja mrefu wenye kioo ukutani, mipira mikubwa ya kukalia, na mipira ya kuvuta imetundikwa kwenye misumari kama nyoka wa rangi rangi. Msimamizi wao ni binti mpole, wagonjwa wanamwita daktari ingawa kila mara anawakumbusha kwamba yeye si daktari. Walikuwa kikundi cha watu wa kila namna. Kulikuwa na dereva wa lori mwenye goti bovu, bibi harusi mtarajiwa aliyevunjika kifundo cha mguu, na mwoka mikate mmoja mnene aliyebadilishwa nyonga, mwanamke ambaye neno likimfika kooni halirudi.

Walikuwa wakifanya mazoezi kwa redio. Wakishainua mikono, wimbo unakatika, linaingia tangazo la sabuni. Daktari wao akasema siku hiyo, kama mtu anayejisemea, kwamba angepata muziki usiokatika angeshukuru.

"Mimi ninao," mama akasema.

Nilimkanyaga mguu. Akaukwepesha. Akaunganisha simu yake na spika, akacheza kile kipande alichomchezea mjomba, akakiacha kijirudie.

Mwanzo walifurahi. Dereva wa lori alitikisa mabega. Lakini dakika zilivyokwenda, niliona kwenye kioo nyuso zikilegea, mikono ikipanda nusu. Mwoka mikate akasimama kabisa, mikono kiunoni kwenye nyonga yake mpya.

"Mama Lifti, nikuulize. Wimbo wako mbona hautoki nyumbani? Tunafika mlangoni, tunarudi kuchukua funguo. Tunafika mlangoni, tunarudi kuchukua funguo. Tutaondoka saa ngapi?"

Ukumbi mzima ukacheka, hata daktari, akijificha nyuma ya karatasi zake. Wakarudisha redio. Mama alimaliza mazoezi yake yote, hakuruka hata moja, lakini kwenye teksi aligeukia dirishani. Nilidhani tumemaliza habari ya muziki. Nilikuwa nimeanza kuandaa maneno ya kumfariji.

Tulipofika tu, kabla hata ya kuvua viatu, akaniambia, "Keti pale. Inua mkono kama wanavyotufundisha."

Nikainua.

"Polepole. Sasa shusha. Tena. Umeanza kuchoka?"

"Bado."

"Ukichoka sema."

Mchana ule alinifanyisha mazoezi yote ya kikundi, yeye ameketi na kompyuta mapajani. Aliacha kutafuta sauti tamu. Alichukua kishindo kimoja cha ngoma, cha kwanza kilichokuwa karibu, akakitandaza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, urefu wote wa kipindi cha mazoezi. Nikamwambia hicho kishindo kibaya. Akasema ubaya wake unatosha. Pale watu wanapopasha mwili aliacha kishindo peke yake. Pale mikono inapopanda, akaleta makofi. Pale panapouma, pale ambapo kila mmoja kwenye kile kioo hukunja uso, akaweka besi, nzito, ya kusukuma. Alikuwa hatungi tena, alikuwa anatufuata. Aliposita kwa kutojua kinachofuata, aliinuka, akanyanyua bega lake bovu mpaka likakataa, na hapo lilipokataa ndipo alipobadilisha.

Kulikuwa na sehemu moja katikati iliyomshinda kabisa. Alijaribu kinanda, akafuta. Alijaribu filimbi, akafuta. Siku mbili zilipita, naye amekwama hapo hapo. Nikamshauri aahirishe, kikundi kitamsubiri.

"Sitaahirisha," alisema. "Nimeahirisha vya kutosha. Wimbo huu unakwenda kesho, uwe umevaa au uwe uchi."

Ile sehemu akaiacha hivyo hivyo, kishindo tu na ukimya mrefu.

Sikutaka kwenda naye, lakini nilienda. Mama alimwomba daktari nafasi nyingine, daktari akasita, akatazama kikundi. Mwoka mikate akasema, "Mpe. Leo nimeshika funguo mkononi kabisa." Wakacheka tena. Mama hakucheka. Akabonyeza.

Kishindo kikaanza, kibaya kama nilivyosema. Wakapasha mwili. Makofi yakaingia mikono ilipopanda, na niliona dereva wa lori akimtazama mwenzake, kama mtu aliyeguswa begani. Besi ikaja pale pa maumivu, na bibi harusi mtarajiwa akakaza meno, akaenda nayo. Halafu tukafika ile sehemu iliyomshinda. Muziki ukabaki mtupu. Nilitazama sakafu kwa aibu. Kwenye ule utupu nikasikia kitu ambacho redio ilikuwa ikikifunika siku zote: pumzi zao. Ukumbi mzima unahema pamoja juu ya kishindo kimoja, mgonjwa mmoja akiguna, mwingine akitoa pumzi kama tairi. Hakuna aliyesimama. Besi iliporudi, mwoka mikate alipiga yowe dogo, akainua mguu juu kuliko nilivyomwona siku ile ya kwanza.

Mwisho ulikuwa wa ovyo. Mama hakuwa ameujua mwisho, kwa hiyo wimbo ulikatika tu, pwaa, na dereva wa lori akabaki na mguu hewani.

"Niushushe au nisubiri?" akauliza.

"Shusha," mama akasema. "Umeisha."

Nadhani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisikia neno hilo. Alilirudia kwa sauti ya chini, akilionja. Umeisha. Daktari akaomba auache kwenye simu yake, na tangu siku hiyo redio ya ukumbi ikahamia mapokezi.

Mjomba naye aliusikia baadaye, tena mwanzo mpaka mwisho. Hakubadilika hata kidogo. Alisema katikati hamna kitu, na mwisho umekatwa kwa shoka. Mama akamwambia yote mawili ni kweli, na hatabadilisha hata kimoja; kama anataka wimbo wenye mwisho mzuri atengeneze wake. Wanaongea vizuri tu, lakini habari ya muziki hawaigusi wakiwa mezani.

Bega limerudi, si lote. Amesharudi kazini, ila ngazi za shimoni wanashuka wenzake, na jioni baada ya kuoga anakaa na kompyuta. Amemaliza nyimbo kadhaa. Mbili ni mbaya kweli kweli, naye anazitetea kuliko zile nzuri. Kukwama hakujaisha, na hajifanyi kwamba kumeisha. Juzi daktari alimwomba wimbo wa taratibu kwa ajili ya watu waliopooza upande mmoja, ambao mkono wao unachukua muda mrefu kufunguka. Nilimpigia simu jana, nikamkuta hana raha.

"Nimekwama tangu Jumapili," alisema. "Hakuna kinachokuja."

"Sasa utafanyaje, Mama?"

"Nimeanza na kibaya," akasema. "Kata simu, nisije nikapoa."