Jogoo wa Bibi Anastazia

Chekeni kabisa, mmalize, ndipo niwasimulie, maana hata leo nikipita sokoni Kasulu kuna mama muuza mihogo huniuliza, "Mwalimu, leo unauzwa bei gani?" nami huinamisha kichwa nikajifanya sijasikia.

Nilikuwa na wiki tatu tu tangu nihamishiwe huku kutoka Tanga, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili, wanakwaya wa kanisa la mtaani, wakanialika kwenye mnada wa kuchangia nauli yao ya kwenda kuimba Kibondo (mimi ni Mwislamu, lakini mwanafunzi akikualika utakataaje?). Watu walileta walichonacho, huyu debe la maharage, yule mkungu wa ndizi, na mjane mmoja, Bibi Anastazia, akaleta jogoo mwekundu aliyekosa kidole kimoja. Jogoo kuinuliwa tu watu wakashangilia mno, nami kwa kutaka sifa za ugenini nikapandisha dau mpaka elfu ishirini, nikalipa papo hapo, nikamkwapua, nikaondoka zangu kabla mnada haujaisha, na kimya kilipoingia nyuma yangu nikadhani ndiyo heshima yenyewe.

Nyumbani sikuchelewa. Nikachinja, nikanyonyoa, nikabandika (bachela akiona kitoweo hana subira), na nilikuwa na paja mkononi wanakwaya watatu walipopiga hodi.

"Shikamoo mwalimu. Tumefuata jogoo."

"Jogoo yupi?"

"Wa Bibi. Zamu ya pili imefika."

Ndipo nikaelezwa, pale mlangoni, mchuzi ukinichuruzika hadi kwenye kiwiko, kwamba jogoo wa Bibi haliwi. Unamnunua, unamrudisha, mwingine anamnunua, naye anamrudisha, hivyo hivyo mpaka pesa itimie, kisha Bibi anaondoka naye nyumbani. Jogoo yule alishanunua sare za kwaya nzima na kinanda! Na nauli ya Kibondo, karibu yote, ilikuwa inamngoja yeye. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Tukarudi uwanjani, mimi mbele na sufuria yangu kama kielelezo cha mahakamani. Bibi akafunua, akatazama, akafunika.

"Alikuwa mtamu?"

"Ndiyo, Bibi" (ningesema nini?).

"Basi jogoo yumo ndani ya mwalimu. Haya, mnadini yeye."

Nikadhani utani. Mpiga mnada akaninyanyua mkono, "Mwalimu huyu, wa Tanga, amenenepa leo leo!" Dau la kwanza likawa elfu mbili. Elfu mbili, jamani, na jogoo nilimnunua elfu ishirini! Akaninunua yule muuza mihogo, akanirudisha. Akaninunua fundi baiskeli, akanirudisha. Mwanafunzi niliyempa sifuri wiki ile akatoa mia tano akaomba akae nami mpaka Jumatatu. Nilinunuliwa mara kumi na moja, nauli ikatimia, kwaya ikapiga vigelegele, nami nikaanza kujipangusa niondoke.

"Unakwenda wapi?" Bibi akauliza. "Mnada ukiisha, jogoo hurudi kwangu."

Nilipalilia maharage yake mpaka jua likazama. Tangu siku hiyo nimeapa, nikinunua kitu huku, hata yai, nauliza kwanza kama kinaliwa. Lakini kiapo kimechelewa, maana kila mnada wa kwaya ukitangazwa, Bibi Anastazia hunipitia asubuhi yeye mwenyewe, akanishika mkono, tukaenda.