Mkono wa Mama na Mizani ya Duka la Kihesa

Duka linalouza viazi kwa kilo bila kumwekea mnunuzi mizani linamwambia: niamini, au nenda zako. Mimi sipendi kuambiwa hivyo. Huku Mbeya ninakoishi nimegombana na wenye maduka mpaka nikajulikana, na wengine wakiniona naingia wanageukia upande wa sabuni. Waniite mkorofi, sawa. Msimamo wangu ni ule ule: mizani iwekwe mahali ambapo mnunuzi anaifikia, apime mwenyewe, aone mwenyewe. Nasema hivyo hata baada ya mizani ya namna hiyo, ya duka moja la kwetu Kihesa, Iringa, kutuletea habari ambayo nyumbani hakuna aliyekuwa tayari kuipokea.

Mama yangu hakuwahi kuhitaji mizani. Alikuwa na mkono wa kulia. Ukimpa kitu, alikiweka kiganjani, akafumba macho, akakirusha juu kidogo mara mbili, kisha akataja uzito wake. Hakukosea. Pale mtaani watu walikuwa wakichangia ng'ombe kila Krismasi, na nyama ikishagawanywa mafungu juu ya majani ya mgomba, hakuna aliyegusa fungu lake kabla mama hajapita akiyainua moja moja. Akisema hili limezidi, kipande kilihamishwa. Wapo waliokuwa hawasalimiani mwaka mzima, lakini mkono ule waliukubali wote, wa kanisani na wa msikitini. Na sokoni, wauzaji waliobonyeza vitako vya sado, yale makopo yao ya kupimia, ili viazi viingie vichache walikuwa wakimwona tu wanaongeza kabla hajasema neno.

Ndipo likafunguliwa lile duka la kisasa karibu na stendi ndogo, la kujihudumia, lenye rafu na vikapu. Viazi na nyanya viliwekwa kwenye vifuko vya wavu vikiwa vimeshabandikwa uzito na bei. Mama aliinua kimoja akacheka. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema, akaenda nacho mpaka kwa mwenye duka, kijana mpole ambaye babu zake walitoka pwani. Akamwambia bila kupandisha sauti kwamba vifuko vyake vimepungua na kwamba huenda hata yeye hajui. "Weka mizani hapa mbele, mwanangu. Kila mtu apime mwenyewe. Usipoweka, nitakaa hapa mlangoni niwapimie mimi."

Kijana aliweka. Mizani ya umeme, yenye namba nyekundu, juu ya meza ndogo kando ya vitunguu. Na kwa miezi mingi ikawa mchezo wao wawili. Mama anataja, anaweka, namba inatokea ile ile. Kijana anapiga makofi, wateja wanacheka. Niliuona mchezo huo kwa macho yangu nilipokuja likizo, na nikajivunia kuwa mtoto wa mwanamke yule.

Safari iliyofuata nilikwenda wakati wa baridi. Tangu Mafinga basi letu lilikuwa nyuma ya malori ya mbao kwenye ukungu, na nilifika nyumbani nikitetemeka. Mama alinikaribisha kwa Kihehe, "Kamwene, mwanangu," akaninyanyulia chupa ya chai. Aliinyanyua kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza kulikoni. "Baridi tu," alisema. "Huu wa kulia hautaki baridi siku hizi." Nilimwamini, maana baridi ya Iringa kila mtu anaijua. Lakini niliona pia kwamba kanga yake aliifunga vibaya, na mama hakuwa mtu wa kufunga kanga vibaya. Dalili ya mvua ni mawingu. Nikanywa chai yangu.

Kesho yake tulikwenda dukani. Palikuwa na foleni ya kutosha. Mama akajaza viazi kwenye mfuko, akauweka kiganjani, akafumba macho. Hakuurusha. Nililiona hilo, na sikulipenda.

"Tatu," akasema.

Akaweka. Mizani ikasema mbili.

Kijana akacheka kwanza, akidhani ni utani. Mama akauinua tena mfuko, akaushusha tena. Mbili. Akamgeukia kijana kwa huruma kabisa. "Mwanangu, hii mizani inakuibia wewe. Watu wanabeba tatu wanalipia mbili. Utafunga duka."

Foleni nzima ikawa upande wake. Mzee mmoja mwenye koti la mvua akasema, "Mama huyu akisema kilo, ni kilo. Hizi mashine za umeme zinaharibikaga na baridi."

"Kweli," akadakia mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni. "Hata simu yangu ilizima."

Hapakuwa na hata mmoja aliyewaza kwamba mkono unaweza kukosea. Mizani tunazijua sisi: zina springi za kuchezewa, zina watu wa kuzichezea. Mkono wa mama ulikuwa haujawahi kuchezewa na mtu. Kijana, ili ajiridhishe, akachukua pakiti ya sukari ya kilo moja, imefungwa kiwandani, akaiweka. Namba ikaja moja kamili. Akampa mama aishike.

Mama akaishika muda mrefu. "Hii imezidi kilo," akasema taratibu.

"Si mnaona!" akasema yule mzee. "Hata viwandani wanakosea."

Kiwanda gani katika nchi hii kinampa mtu ziada? Watu waliosimama pale wamepunjwa maisha yao yote, na hakuna aliyeshtuka kusikia kwamba ghafla dunia nzima imeanza kuwajazia. Kijana akachomoa waya, akaifunika mizani kwa gunia, akabandika karatasi: MBOVU. Wakati wanahangaika na hilo, nikauinua ule mfuko wa viazi. Nikaurusha juu kidogo mara mbili, kama nilivyofundishwa jikoni nikiwa mdogo. Zilikuwa mbili. Niliinua kichwa nikakuta mama ananitazama.

Njiani mfuko niliubeba mimi. Kihesa kuna kilima, na mama alisimama katikati ya kilima, akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama vile anambeba kuku, kisha tukaendelea. Watu walitusalimia, naye akaitikia kwa uchangamfu wake wa kila siku.

Mchana nikiwa naosha vyombo nje nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa amesimama mbele ya meza na pakiti mbili za chumvi, zile zile za aina moja. Moja kulia, moja kushoto. Akafumba macho. Akabadilisha, ya kulia ikaenda kushoto. Akafumba tena. Nilisimama na sufuria mkononi, maji yananichuruzika miguuni, nikaogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na wala sikujua bado naogopa nini.

"Ingia ndani," akasema bila kugeuka. Nikaingia.

"Mizani ya yule kijana ni nzima," akasema.

"Mama..."

"Nilijua pale pale. Sukari iliponiambia. Nilikuwa nangoja mtu aseme." Akazipanga pakiti kwenye rafu, zote mbili kwa mkono wa kushoto. "Na wewe uliinua vile viazi. Ulipata ngapi?"

"Mbili."

"Kumbe nilikufundisha vizuri," akasema, na akatabasamu, na tabasamu lile lilipanda upande mmoja tu wa uso wake.

Nilitaka twende hospitali saa ile ile. Akakataa. Alisema kuna kitu kinatangulia. Asubuhi akanirudisha dukani, akalivua gunia mwenyewe, akaichana ile karatasi mbele ya wateja. "Sikilizeni," akasema. "Mizani hii haina ubaya wowote. Kilichoharibika ni mkono wangu."

Wakacheka. Wote, hata kijana. Waliona ni mzaha wa mama yule yule wanayemjua, kwamba mizani imetengenezwa usiku na sasa anairudishia heshima yake. Mzee wa koti la mvua akampongeza, "Mama hukosi la kusema wewe!" Na kabla hatujatoka tayari wawili walikuwa wamemletea nyanya zao aziinue, mama tushikie, hii ni ngapi? Akawaonyesha mizani kwa kidevu. Hawakuelewa. Walibaki wamemnyooshea vifuko.

Hospitali, daktari alikuwa kijana pia, mwenye sauti laini. Alimuuliza mama maswali mengi, akamgonga magoti kwa kinyundo, akamwambia atembee mpaka ukutani na kurudi. Kisha akampa vidole vyake. "Finya, mama. Kwa nguvu zako zote." Mama akafinya kwa kushoto, na daktari akajikunja kidogo. Akaviweka vidole katika mkono wa kulia wa mama.

Mama akafinya. Niliona mishipa ya shingo ikimtoka, meno yakiumana, jasho likimjaa juu ya mdomo katika baridi ile. Vidole vya daktari vilikuwa vimelala kiganjani mwake, rangi ile ile, bila hata alama.

"Nimekuumiza?" mama akauliza akihema.

"Kidogo, mama," akasema daktari. "Bado una nguvu."

Mama akauchukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka mapajani. Akamtazama daktari kwa huruma ile ile aliyomtazama nayo kijana wa dukani.

"Mwanangu," akasema, "usinizidishie. Nipimie sawasawa."

Daktari akanigeukia, akaniomba nifunge mlango.