Kahawa ya Jirani

Asubuhi ile nilimsomea mama utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, kwa sauti kubwa, maana siku hizi hasikii vizuri: jua siku nzima, Karagwe na Kyerwa. Tukaanika kahawa uani. Jirani, ambaye mama haongei naye tangu wagombanie mpaka wa shamba, alinisikia kutoka upande wa pili wa migomba. Naye akatandaza turubai lake, akaanika, akaenda msibani.

Mchana wingu jeusi likapanda kutoka bondeni, upande wa jirani. Kwetu jua lilikuwa bado linachoma. Nikatazama simu: jua. Simu gani hii! Nikakimbilia kwake.

"Rudi hapa!" mama akafoka. "Ukiigusa, kesho utaambiwa umeiba."

Alisema kweli. Kwetu Kituntu, kahawa ya mtu haiguswi mwenyewe akiwa hayupo. Nikasimama pale mpakani. Matone yakaanza kugonga bati la jirani. Mama akanitazama, akalitazama lile turubai, akasonya. Kisha akanipita huku akijifunga kanga kiunoni.

"Shika huko," akasema. "Si aliianika kwa maneno yako?"

Tulikunja, tukavuta, tukaburuta mpaka barazani kwake, mvua ikitupiga mgongoni. Ya jirani ilipona karibu yote. Tulipogeuka, nyumba yetu haikuonekana vizuri kwa mvua, na kahawa yetu ilikuwa inateremka na maji kuelekea barabarani.