Viazi vya Kwaresima kwa Bibi

Mwezi uliopita kijana wangu alimleta mchumba wake hapa Babati tumfahamu. Kabla hawajafika alinipigia simu kunionya. "Mama, huyu hali nyama. Maziwa hanywi, mayai hali, hata siagi hagusi." Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema haumwi kitu, ndivyo alivyoamua mwenyewe. Jirani yangu alipopata habari alishika kiuno akauliza, "Sasa mtamlisha nini huyo, majani?" Mimi nilicheka mpaka nikatafuta kigoda nikae. Kumlisha huyo? Rafiki yangu, binti wa watu alikuwa amefika kwao bila kujua. Alikula sahani mbili, akaomba ukoko wa chini ya sufuria, na kijana wangu akabaki ameduwaa.

Lakini sitaki kukueleza habari za mchumba. Nataka nikueleze kilichonipata sokoni siku ile nilipokwenda kununua viazi. Niliokota kimoja, kikubwa, kina udongo mwekundu umekigandia, nikakinusa. Muuza viazi alinitazama kama vile nimechanganyikiwa. Ningemweleza nini? Harufu ile ilinirudisha jikoni kwa bibi yangu, kule Nangara, nikiwa na miaka kumi, nimekaa kwenye gunia tupu na kisu butu mkononi, namenya.

Bibi alikuwa mama yake baba. Alizaliwa juu huko milimani, upande wa Mbulu, akaolewa akashuka mjini, na mpaka anazeeka alikuwa anasema "huku kwenu" akimaanisha Babati. Jiko lake lilijengwa mbali kidogo na nyumba, bati jeusi kwa masizi, mafiga matatu katikati, na mlango unaotazama ziwa. Asubuhi tulisikia viboko wakiguna kule chini, na bibi alikuwa akiwajibu, "Hata mimi nimechoka, nyamazeni!" Alikuwa mrefu, mwembamba, na Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa lugha ya kwao, kila neno analitafuna kwanza ndipo analitoa. Nilikuwa nampenda mno. Nilikuwa namwogopa pia, lakini kidogo.

Mtu wa milimani asiyependa samli bado hujamwona. Bibi alitia samli kwenye uji, kwenye maharage, kwenye kidonda cha goti. Ukikohoa, samli. Ukishindwa hesabu shuleni, nadhani angekupaka samli kichwani kama mama asingemzuia. Sasa fikiria basi mshangao wetu sisi wajukuu kila ilipofika Jumatano ya Majivu. Alirudi kanisani na majivu kwenye paji la uso, akafunga kibuyu cha samli kwa kitambaa, akakitundika juu kabisa ya nguzo ya jiko, na hakikushuka mpaka Pasaka. Ng'ombe alimkamua kama kawaida, maziwa tukanywa sisi. Yeye hata tone. Nyama ndiyo usiseme. Watu wengine mjini Ijumaa za Kwaresima walikula samaki wa ziwani na dhamiri zao zikatulia, lakini bibi hakukubali. "Samaki naye ana macho," alikuwa anasema. "Ananitazama." Tukimuuliza kwa nini maziwa na samli pia, maana padre hajakataza, alijibu, "Hayo ni yangu na Mungu. Wewe menya."

Tukamenya! Viazi vilikuja kwa debe, kwa sababu baba alikuwa dereva wa lori la viazi, anapanda milimani na kushuka, na hakukosa kutuwekea vya kwetu. Bibi alitaka vikatwe vikubwa, kila kipande sawa na ngumi ya mtoto, na kwa kuwa mtoto niliyekuwepo ni mimi, alikuwa anachukua ngumi yangu anapimia. Mbaazi kavu zililowekwa tangu jana yake. Kitunguu kilikaangwa kwa mafuta ya alizeti mpaka kikawa na rangi ya kahawia, nayo harufu ikatoka mlangoni ikaanza kuita watu. Halafu viazi, mbaazi, karoti, maji ya moto, chumvi. Kabichi na pilipili hoho baadaye. Nyanya, mwisho kabisa. Ole wako uweke nyanya kabla kiazi hakijalainika! "Nyanya ikitangulia kiazi kinanuna," alisema bibi, na ni kweli kabisa. Nimejaribu ukubwani kwa ubishi wangu, kikanuna saa mbili nzima. Mwishoni aliponda vipande vitatu ubavuni mwa sufuria ili rojo liwe zito, akafunika, akaondoa kuni mbili, akasema tumwache alale. Sufuria ile alikuwa akiizungumzia kama mtu.

Ijumaa zile wanajumuiya walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kusali Njia ya Msalaba, na nyumba iliyopokea ilipika kidogo watu wafungulie. Ilipokuwa zamu ya bibi, walikuja hata waliokuwa hawaonekani nyumba nyingine. Walikuja hata kutoka Singe, kwa miguu, na tope la mwezi wa tatu. Katekista alikuwa anafika na kijiko chake mfukoni, nakwambia ukweli.

Mwaka ninaousimulia, bibi alikuwa ametoka kuugua malaria. Kwaresima ilimkuta amekonda, vitenge vinamzunguka mara mbili, na bado akatundika kibuyu chake vilevile. Siku mbili kabla ya zamu yetu, jirani wa bibi, mama mmoja mnene mwenye mdomo usiotulia, alimtazama akipita na ndoo akaniambia, "Bibi yako huyo, akiendelea na viazi vitupu, Pasaka hafiki." Alisema kwa utani. Halafu akacheka, akaenda zake kuanua nguo. Mimi sikulala. Nilikuwa na bibi mmoja tu, na nilishamwona mtu wa kwanza kufa, babu, mwaka uliotangulia.

Basi Ijumaa, watu wako uani wanasali, nimeachwa peke yangu niangalie sufuria. Nikageuza kinu, nikapanda juu, nikafungua kitambaa. Samli ilikuwa imeganda kwa baridi, ikabidi niichimbe kwa mkono. Nikatia donge, nikaona halitoshi, nikatia la pili. Halafu nikajikuta nimelamba vidole, na mfungo wangu nao ukaishia hapo. Nikakoroga, nikakirudisha kibuyu, nikakaa kwenye gunia langu. Nilijiona nimeokoa maisha ya mtu.

Watu walipakuliwa, wakaanza kula. Ee, ilikuwa furaha! "Leo ni leo," akasema katekista, mashavu yamejaa. Jirani alilamba kijiko mbele na nyuma. Baba alikuwepo, amerudi safari mchana ule, amekaa kwenye benchi na masharubu yake yana rojo. Bibi kama kawaida alipakua chake mwisho, bakuli la bati, akabaki amesimama nalo, akaomba kusema neno. Hakuwa na tabia ya kuhutubia, kwa hiyo wote wakanyamaza.

"Nimeugua mwaka huu, nikaona niseme nikiwa na mdomo," alisema. "Mnaniuliza kila mwaka, kwa nini sigusi maziwa. Huyu dereva hapa alipata surua hajatimiza mwaka. Macho yakafunga. Watatu waliomtangulia walishakwenda. Nikamwambia Mungu, niachie huyu mmoja, na mimi Kwaresima zote utakazonipa sitagusa nyama wala maziwa wala samli. Akaniachia. Basi na mimi sijagusa."

Watu wakasema amina. Bibi akakaa, akachota kijiko.

Sijui kama nimewahi kuogopa vile tena. Nilimtazama baba, mtu mzima na masharubu yake, nikamwona amefunga macho kwa surua. Nikapiga kelele, "Bibi usile!" Kijiko kikasimama karibu na mdomo. "Nimeweka samli, bibi! Nimeweka samli, usile, baba atakufa!"

Hata kuku walishangaa. Katekista alikuwa na kiazi mdomoni, hajui ameze au ateme. Kisha akakimeza. Jirani akasema polepole, "Kumbe ndiyo maana," na hapo baba akaangua kicheko, uani kote kukawa vicheko, watu wanafuta machozi. Baba akasema, "Mama, mimi huyu hapa, mzima." Bibi peke yake hakucheka. Alirudisha kijiko bakulini, akaweka bakuli chini taratibu, akaingia jikoni akatoka na kiazi baridi cha jana na chumvi. Akakila hicho, wote tukimtazama.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Jioni aliniita, akaniuliza kwa nini, nikamweleza maneno ya jirani, nikilia mpaka kwikwi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulitaka nisife," akasema. Nikaitikia. "Na hukuniuliza." Nikatikisa kichwa. Akavuta pumzi. "Ijumaa ijayo utapika wewe, tangu mwanzo. Mimi sitaingia jikoni wala sitachungulia. Tutaona kama naweza kula mkono wako."

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko Kwaresima yenyewe. Jirani aliyeniponza alipita mlangoni akiimba, "Mpishi wa samli, hujambo?" nami nikampa shikamoo kwa hasira, akaitikia marahaba huku anacheka. Sikujali. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, bibi ale nilichopika bila kuogopa. Na nilitaka pia apate nguvu, maana hofu ya kwanza ilikuwa bado haijatoka. Baba ndiye aliyeniokoa. Kabla hajaondoka na lori alinipa karanga kwenye mfuko wa karatasi, alizonunua upande wa Kondoa. "Kaanga, twanga, tia mwisho," akaninong'oneza. "Zina nguvu kama nyama. Usimwambie mtu kuwa tumekula njama."

Ijumaa nikapika. Vidole vilijaa malengelenge kwa kutwanga. Kitunguu nilikikaanga mpaka kahawia, nyanya nikaweka mwisho, viazi havikununa. Nilipotia karanga, rojo likageuka zito, jeupe kidogo, na juu yake mafuta yakaelea yakang'aa. Nikafurahi mpaka nikacheza peke yangu. Halafu nikaangalia vizuri, furaha ikakata. Rafiki yangu, lilifanana na samli kabisa! Hata harufu, ile tamu ya kitu kilichokaangwa. Mtu yeyote wa milimani angeapa kuna donge zima mle ndani. Kumwaga siwezi, kupika tena hakuna muda, na kibuyu kiko palepale juu ya nguzo, mita mbili kutoka kwenye sufuria.

Nikampelekea bibi bakuli uani. Siku hiyo hapakuwa na wageni, ila jirani alikuwa amekuja kukopa chumvi, na kwa bahati mbaya macho yake ndiyo yalikuwa ya kwanza kutua bakulini. "Mtoto!" akafoka, mkono kifuani. "Umerudia tena?"

Nilifungua mdomo niseme karanga. Sauti haikutoka, kabisa. Nilisimama tu pale na vidole vyangu vyenye malengelenge. Bibi alitazama lile bakuli linalong'aa, akanusa, akanitazama mimi usoni kwa muda. Manyunyu yalikuwa yameanza. Akamwambia jirani, "Chumvi iko jikoni, chukua." Kisha akashika kijiko, akafanya ishara ya msalaba, akala. Akala kiazi cha kwanza, cha pili, akafuta bakuli kwa kidole, na akaninyooshea niongeze. Ndipo sauti iliporudi, nikapayuka, "Ni karanga, bibi, ni karanga tu!" Akasema, "Najua umepika vizuri. Lete."

Pasaka alifika, tena ile na nyingine nyingi. Sasa hayupo. Jiko lile halipo, kiwanja kimezungushiwa ukuta na ndani kuna nyumba ya wageni yenye taa za rangi. Jumuiya inasali bado, lakini watu wanafungulia kwa soda na biskuti, bodaboda inamsubiri kila mmoja nje, na sijaona katekista yeyote mwenye kijiko mfukoni. Silalamiki, watoto wangu wanashiba kuliko nilivyoshiba mimi. Ila nina hamu ya moshi ule, na ya kupimiwa viazi kwa ngumi yangu.

Nimepikia wengi tangu hapo, harusi na misiba, na wananisifu, nami napenda kusifiwa, siwezi kudanganya. Lakini hakuna aliyewahi kunisifu kama bibi Ijumaa ile. Alikula bila kuuliza, na mwanawe wa pekee alikuwa barabarani, kwenye mvua, anashuka mlima na lori la viazi.