Swali Ambalo Sikuliandika

Naomba jina langu lifichwe, na la mtaa wangu pia. Nina umri wa miaka sitini na minane. Ni mwalimu mstaafu, na tangu tuliporudi kutoka ukimbizini nimekuwa mwandishi wa kamati ya mtaa. Mji wetu uko pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, na mtaa wetu ndio wa zamani kuliko yote mjini, wenye nyumba za mawe zinazotazama maji. Huwa nasoma visa vya watu katika ukurasa huu na kuwalaumu kwa kuandika ovyo. Safari hii mwenye kulaumiwa ni mimi.

Mbele ya nyumba hizo kuna uwanja ambao wanawake huanikia dagaa. Hawana mwingine. Mwaka huu tuliletewa habari ya mradi: utajengwa ukuta wa kuzuia bahari, na nyuma yake barabara ya mawe yenye viti vya kupumzikia. Ukuta tunautaka sote, kwa maana bahari imeshabomoa nyumba mbili. Lakini barabara hiyo itapita juu ya uwanja wa dagaa.

Kikao cha wakazi nilikipanga mimi, saa tatu asubuhi. Mke wangu aliniambia, "Baba Halima, siku hiyo ni bamvua. Maji yatakauka mpaka mbali, na wanawake wote watakuwa huko wanaokota chaza. Nani atakuja?" Nilimjibu kwamba kikao hakingoji maji.

Basi walikuja wanaume, na mwanamke mmoja tu: mwakilishi wa wanawake, ambaye nitamwita Bi Anifa. Wageni wa mradi waligawa biskuti. Mmoja wao alikuwa bado anaeleza habari ya viti, Bi Anifa akasimama kule nyuma bila kunyoosha mkono. "Na sisi tutaanika wapi dagaa? Juu ya hivyo viti vyenu?"

Wanaume wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Bi Anifa, kaa. Katika kikao mtu hunyoosha mkono, akapewa nafasi, ndipo akasema." Akakaa. Mwishoni nikauliza kama kuna maswali, nikamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja pindo la kanga yake. Hakunyoosha mkono. Nami nikaandika katika kitabu cha kamati: "Hapakuwa na swali. Waliohudhuria wameridhia." Kila mtu akatia sahihi, Bi Anifa akaweka dole gumba. Muda wote wa ualimu wangu sikuwahi kulihesabu jibu la mtoto aliyeropoka bila ruhusa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Nakala ya ukurasa huo ikaenda ofisi ya serikali, ikarudi na mhuri pamoja na ramani. Mkuu wa mtaa akawasomea wanawake palepale uwanjani. Wakamgeukia Bi Anifa. Akasema, "Niliuliza. Wallahi niliuliza, nikaambiwa nikae." Wale wanaume waliocheka walikuwapo, lakini kila mmoja alisema hakumbuki vizuri, alikuwa amekaa mbali. Mwanamke mmoja niliyemfundisha akamwambia, "Mwalimu aandike uongo, dada? Huyo aliyenichapa kwa kusahau nukta? Sema ulishiba biskuti za wageni ukanyamaza."

Maneno hayo niliyasikia nikiwa barazani kwangu, kando ya uwanja. Sikutoka.

Tangu siku hiyo majamvi ya Bi Anifa yamesukumwa mpaka ukingoni, penye kivuli, ambapo dagaa hawakauki. Watoto wakipita mlangoni pake humwita Bi Biskuti. Nanyi mjue mtu huyu ni nani. Tuliporudi kutoka ukimbizini, yeye ndiye aliyetangulia. Nilipofika nilikuta baraza yangu imefagiwa, na kisima cha mtaa kimeshatolewa takataka. Hakumwambia mtu kwamba ni yeye. Niliambiwa na jirani.

Juzi alikuja kwangu. Hakukubali kuketi. "Mwalimu, ulinisikia au hukunisikia?"

Nikasema, "Bi Anifa, yaliyo kitabuni ndiyo yaliyofuata utaratibu."

"Sikuulizi kitabu. Nakuuliza wewe, masikio yako."

Nikaanza kufuta miwani yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Haya, shikamoo mwalimu," akaenda zake. Bi Anifa ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu. Hajawahi kuniamkia shikamoo, na hakuwa na sababu ya kuniamkia.

Nilimwendea mkuu wa mtaa nikamweleza kwamba nataka kusahihisha. Akafunga mlango. "Senhor professor, mwalimu wangu, karatasi imeshapigwa mhuri. Ukisema leo kwamba ina kasoro, mradi utasimama, na bahari haitasimama. Vijana wanaosubiri kazi ya ujenzi watakuja kwako, hawatakuja kwangu. Na kitabu chote watakitilia shaka, pamoja na vyeti vya ukazi ulivyowaandikia watu waliopoteza hati zao. Unataka hivyo? Bibi mmoja kusemwasemwa, atazoea."

Sijui kama alikuwa ananitisha au ananieleza ukweli. Vyeti vile ni vya kweli vyote. Lakini na mimi nilidhani kitabu chote ni cha kweli.

Ijumaa hii, baada ya sala, wanawake watakutana uwanjani kumwondoa Bi Anifa katika uwakilishi. Wameniomba niende na kitabu niwasomee ukurasa ule, ili asiseme ameonewa. Safari hii wamechagua saa wenyewe, maji yakiwa yamejaa, ili wote wawepo. Mke wangu amenipigia pasi kanzu, na hajaniuliza nitasoma nini.

Nikisoma kilichoandikwa, nitakuwa nimemzika mtu aliye hai. Nikisema kisichoandikwa, huenda ukuta usijengwe, na nyumba inayofuata zile mbili zilizobomoka ni ya binti yangu. Kwa miaka mingi nimewasahihisha watu, na sijui mtu hujisahihisha vipi mbele ya watu. Ninyi mnaonisoma, msinihurumie. Niambieni tu: Ijumaa nikifungua kitabu, nisome nini?